Nyama ya Joël

Kasongo, Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya yote pokea salamu za mwanao. Mgongo unaendeleaje? Na mihogo uliyoiloweka, mvua imekuachia jua la kuianika? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haina pa kukaa. Simu yangu inashikwa na mama mkwe, ndiyo maana unapata barua. Anaileta Héritier wa pikipiki, yule aliyenirudisha huku nilipotoka kwako na mimba. Isome peke yako kwanza.

Mjukuu wako Joël bado hajakaa. Ukimbeba, kichwa kinaanguka. Ananyonya kidogo, anachoka. Uso wake haujui kucheka. Macho tu ndiyo yanacheka, na hayo, Mama, yanacheka kweli. Hospitalini dokta Octave alitupima damu sote watatu, mimi, mtoto, na baba yake Nathanaël kabla hajarudi machimboni, akaituma mbali. Majibu yamefika. Aliposikia nilisoma biolojia shuleni, alinieleza yote kwa Kifaransa bila kunionea huruma.

Mwilini mna protini iitwayo aktini. Inajipanga nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo zikivutwa ndipo mkono unakunjika. Nilidhani ni moja tu. Kumbe wako ndugu sita, wanafanana mpaka utawachanganya, lakini kila mmoja ana shamba lake. Mmoja ni wa mikono, miguu, shingo na kifua. Mwingine ni wa moyo. Wawili wanakaa kwenye utumbo na mishipa ya damu. Wawili wa mwisho wamo hata katika seli zisizo za msuli wowote. Ndio wanaoipa seli umbo lake na kuisogeza kidonda kinapofunga. Kwa Joël aliyeharibika ni yule wa kwanza peke yake. Ndiyo sababu moyo wake unapiga vizuri, tumbo halimsumbui, na chale alizochanjwa kifuani na bibi yake zilipona upesi sana. Bibi anasema ni dawa yake. Namwachia.

Dokta alisema kosa hilo halimo katika damu yangu wala ya Nathanaël. Limeanza kwa mtoto mwenyewe, alipokuwa anaanza tu kuumbwa. Dawa ya kuliondoa haipo. Ila kuna namna ya kumlisha kwa mpira mdogo wa puani, na ya kumsaidia kutoa makohozi, maana pumzi nayo inaendeshwa na misuli ileile dhaifu. Anataka tuingie wodini wiki ijayo, kwa sababu kifua cha Joël kimeanza kukoroma.

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Mama Marguerite, mama mkwe wangu, aliponiuliza dokta amesema nini, nilijibu haraka kwamba ugonjwa wa Joël unatoka katika nyama. Nilimaanisha nyama ya mwili. Yeye akasikia nyama ya sufuria. Akaacha kutwanga majani ya sombe, akauliza taratibu: "Nyama gani ulikula, mutoto wangu?" Unajua ukoo wao hawali nungunungu, na mke mwenye mimba yao naye haonji. Nikaeleza aktini hii na aktini ile. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyoonekana ninazunguka jambo.

Tangu siku hiyo sivuki ua. Siteki maji, sigusi sufuria ya mtu, chakula naletewa mlangoni. Mtoto naye hatoki mpaka nitaje nilichokula, nioshwe. Wanasema hospitali haiwezi kitu juu ya mwiko uliovunjwa. Nathanaël hapatikani, huko machimboni hakuna mtandao. Na mlango uko wazi, Mama. Hakuna aliyetia ufunguo. Lakini nikitoka na Joël hivihivi nimemtoa katika ukoo wake, na baba yake atarudi akute nimevunja nyumba. Naogopa kubaki, naogopa kutoka.

Usimchukie Mama Marguerite. Analia kuliko mimi. Jana alikaa hapa kizingitini akaniambia kwamba ugonjwa usio na mwenyewe hauna wa kuombwa msamaha wala wa kusamehe. Kosa la kula linaoshwa. "Sema tu," akanibembeleza, "iko dawa yake."

Sasa ndilo hili lililonishikisha kalamu. Nimekubali. Leo asubuhi, mbele yao wote, nimesema nilikula nungunungu. Wakataka kujua ni wapi, na ni nani alinipa. Mimba nzima sikula nje ya nyumba hii ila kwako. Nikasema ni wewe ulinipikia, huko kwako Wamaza. Jina lako limetoka kinywani mwangu, wewe ambaye kuku wa jirani akitaga kwako unampelekea mwenyewe yai lake. Wamenikumbatia, Mama. Nimeona haya.

Jumapili baada ya misa, baba wadogo wawili wa Nathanaël wanakuja kwako kukuuliza. Ukisema ndiyo, watakuomba kuku mweupe. Wakirudi naye nitaoshwa, na kesho yake naingia wodini na mwanangu. Ukisema hapana, nitabaki hapa nikisikiliza kifua chake. Najua Wamaza nzima itasikia, na akina mama wa kanisani watakuangalia. Nakuomba hivyohivyo.

Na kuna jambo moja ambalo siwezi kukuficha. Tangu niseme, naifikiria nyama ile: wewe unababua miiba, unatia mawese, unaniita nionje chumvi. Karibu nasikia harufu yake. Natamani ningekuwa nimeila kweli.

Nisalimie mdogo wangu Chadia, umwambie mtoto wa dada yake ana macho yake. Nawe usinyanyue mizigo mizito. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mwanao,
Aurélie

Wakikuuliza tuliila na nini, sema na ndizi. Nimeshawaambia ndizi.