Kifaransa cha Mwalimu Felisian

Aurelia, siamini! Natoka kumzika Mwalimu Felisian hapa Nandagala. Eti wamemsifu kwamba alifundisha Kifaransa. Kifaransa gani?!

Mwaka 1950 aliokota kitabu cha Kifaransa kwenye kambi ya mradi wa karanga Nachingwea, akaanza kukifundisha. Neno la "wanaongea", lililoandikwa parlent, watoto wakalisoma kwa makofi: pa-ri-le-nti! Kila herufi itamkwe, isilale hata moja!

Bibi Rosa, wakati ule mtoto, alimsikia fundi trekta wa Shelisheli, wanakoongea Kifaransa, akilitamka "parl", basi. Akalisema hivyo darasani. Fimbo sita!

Fundi mwenyewe alipopita akawasikia, akacheka mpaka akakaa chini. Felisian akasema, "Huyu hajasoma." Rosa akatabasamu. Fimbo sita tena!

SITA TENA, Aurelia!

Leo wakampa Bibi kipaza sauti amsifu marehemu. Akaligeukia jeneza:

"Parl. Haya, inuka unichape."