Chokaa Chini ya Haidrenjia

Kisiwani Faial, 4 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Kwanza naomba unibariki, kisha naomba unisamehe. Barua zako tatu zimekaa kabatini chini ya sanamu ya Mtakatifu Antoni, na kila nikipita naona kama naye ananiuliza nitajibu lini. Sikunyamaza kwa kukusahau. Zélia ana miezi minne na bado hajaambiwa kwamba binadamu hulala. Norberto naye, tangu apate dada, amesahau yote aliyoyajua kuhusu choo. Nikishika kalamu, mmoja analia. Nikiiweka, wote wananyamaza. Leo Germano amewachukua wanawe wakaone ng'ombe, ndipo nami nimekaa.

Goti lako halijambo? Au baridi ya huko Amerika bado inalichokonoa? Na kiwandani, bado wanawasimamisha kutwa nzima? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Ng'ombe wanakamika, viazi vimetoka vizuri, na mvua ni ile ile unayoijua, haina adabu ya kupiga hodi.

Uliuliza mambo mawili: haidrenjia zako za ukutani ziko vipi, na Zélia atasimamiwa na nani siku ya ubatizo. Nianze na maua, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Ile picha niliyokutumia Julai, mimi na watoto mbele ya haidrenjia, uliandika kwamba ulitoa machozi kuiona bluu yako. Mama, picha ile ni nyeusi na nyeupe. Bluu uliitia mwenyewe. Maua yalikuwa ya waridi, kila shada, kuanzia mlangoni mpaka zizini, waridi kama mashavu ya Padre baada ya chakula cha Pasaka.

Kosa ni langu. Mwezi wa Machi nilipaka kuta chokaa, ikabaki ndoo nzima. Konokono walikuwa wanamaliza majani machanga, nikasema chokaa itawakomesha, nikaimwaga yote mashinani. Hakufa konokono hata mmoja. Maua yalipotoka na rangi ile, Germano alisema yeye ni mtu wa ng'ombe, lakini hata ng'ombe wanajua kwamba haidrenjia ikinusa chokaa hubadili rangi. Nikamuuliza mbona sikuambiwa mapema. Akasema ng'ombe hawakuulizwa. Nilifukia misumari yenye kutu, nikamwaga machicha ya kahawa, nikatandaza majani ya msonobari. Wapi! Udongo una kiburi, haubadiliki kwa kubembelezwa wiki mbili.

Na wewe unayajua maandamano ya Bikira mwezi wa Agosti. Kila nyumba hutandika zulia la maua barabarani mbele ya mlango wake, na mlangoni petu, tangu enzi za bibi, ni bluu tupu. Ulikuwa umeniandikia nisikuaibishe. Basi asubuhi ya sikukuu nilikata mashada, nikayachovya kwenye beseni la buluu ya kufulia. Yakatoka na rangi ambayo Mungu hakuiumba. Germano akasema yanafanana na kiwele kilichopigwa teke. Nikakaa kwenye ngazi, Zélia ananyonya, mikono yangu bluu mpaka viwiko, nikalia.

Hapo ndipo Bi Umbelina alipochungulia juu ya ukuta. Najua, Mama. Jina hilo halijatajwa nyumbani kwetu miaka kumi na tisa, tangu haidrenjia zako zilipokatwa wakati wa baridi, zikakosa kuchanua kiangazi kizima, nawe ukamtuhumu yeye, jirani yetu, kwamba ndiye aliyezikata. Siku ya kupanda meli uliniagiza nimsalimie kwa shingo tu. Nikamsalimia kwa shingo. Akanitazama mikono, akauliza kama siku hizi tunakamua wino. Kisha akatoweka, akarudi anasukuma toroli limejaa mashada ya bluu ya bustanini kwake, akayamwaga mlangoni petu.

Nilikataa. Nikamwambia mama yangu asingekubali. Akasema, “Mama yako yuko Amerika na Bikira yuko kwenye kona. Tandika, wee mtoto! Wewe na maua haya mna kesi ya zamani: kwanza mkasi, sasa chokaa.”

Mama, kama umesimama, tafadhali kaa. Hakuwa yeye. Ni mimi. Nilikuwa na miaka saba, nilikuwa nafanya maandamano ya mwanasesere wangu, na vile vijiti vyenye maua makavu vilifaa sana kuwa mishumaa. Nilivikata vyote. Sikujua kwamba maua ya mwaka unaofuata yamelala humo humo. Ulipoanza kupiga kelele, nilijificha chini ya kitanda, na nikadhani hakuna aliyeniona. Kumbe Bi Umbelina aliniona kutoka dirishani mwanzo mpaka mwisho. Tulipokuwa tunatandika maua yake, nilimuuliza mbona alikubali kubeba lawama miaka yote hiyo. Akasema siku ile ulikuwa umeshika mwiko, na mimi nilikuwa na miguu kama ya kuku. Yeye mtu mzima, matusi hayamwachii alama. Halafu akacheka, akaongeza kwamba pia alipenda kukuona unavyovimba ukipita mlangoni pake. Na hilo nimeliandika, maana leo sifichi kitu.

Basi Zélia atasimamiwa na Bi Umbelina, tarehe nane Desemba. Nimekwisha kumwomba, amekwisha kukubali, na Padre amekwisha kuandika. Ukikasirika, nikasirikie mimi, una haki. Lakini sibadilishi, Mama. Mtu aliyeninyamazia mimi nikiwa mtoto, ndiye ninayemtaka karibu na mwanangu.

Germano anakusalimu sana. Norberto anakubusu mkono, ingawa wake si msafi. Jikinge na baridi, nawe usiache kutuombea.

Mwanao akupendaye,
Idalina

Ninavyohitaji bado: nepi za kitambaa dazeni moja; viatu vyeupe vya Zélia, urefu wa kidole changu cha kati, uzi nimeufunga humu ndani; kofia ya sufu ya Norberto, ya kufunga kidevuni, asiweze kuivua; sindano za cherehani, namba kumi na nne; soksi ndefu nyeusi za Bi Umbelina, saizi kubwa kuliko yako; na barua yako kwake, mistari miwili tu, yenye jina lake alilobatizwa, si lile ulilozoea kumwita.