Gari Linalovuta Kushoto

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu za upendo. Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimepona, au bado kinakusumbua alfajiri? Sisi hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Mama yenu anaendelea kusafishwa damu hospitalini mara tatu kwa juma, na ulimi wake, namshukuru Mungu, haujaugua hata siku moja.

Mimi najikaza. Tangu kaka yako atutoke, bado najikuta nimetenga vikombe viwili vya chai. Kimoja nakirudisha kabatini kabla Mama hajaona.

Leo nakuandikia juu ya gari lake. Ndilo linalompeleka Mama hospitalini, na akitoka kule huwa hana nguvu hata ya kushika mkoba, sembuse kugombea basi. Likiondoka gari hili, sijui tutamfikishaje.

Sasa lilianza kuvuta kushoto. Ukipita shimoni linagonga chini, ko, ko, na usukani unauzungusha kidogo bila magurudumu kufuata. Tairi la mbele la kushoto lililika upande wa ndani hadi likawa kipara. Nikalipeleka kwa fundi wa siku zote wa kaka yako, yule tunayemwita Miwani. Alipiga tairi teke, akachungulia chini bila hata kulala, akasema mtambo mzima wa usukani umekufa na vipuri vyake havipatikani tena. Afadhali liuzwe lilivyo.

Wifi, hapo ndipo roho yangu ilipoingiwa na shaka. Kaka yako hakuwahi kupima usukani peke yake. Alivua ndala, akazipanga sambamba kando ya tairi kama mtu anayeingia chumbani kwa wageni, akalala chini. Kisha aliniita niketi kiti cha dereva, niutikise usukani taratibu, kushoto, kulia, yeye akishika kila kiungo kwa kiganja. Alisema jicho hudanganywa na vumbi. Miwani anaijua kazi hiyo, ameifanya mara nyingi uani kwetu. Siku ile mbona hakuomba mtu wa kuketi?

Kesho yake akaja shemeji, kaka yenu mkubwa. Kabla sijampa kiti alishajua yote.

"Shemeji, gari hilo litamuua Mama. Nimeshapata mnunuzi."

Nikamuuliza ni nani.

"Mtu tu."

Mtu tu! Hata kuku huuzwa kwa mtu mwenye jina. Akaongeza kwamba wewe huko ulishakubali. Nilimpa chai akanywa, nikawa namtazama anavyonitazama.

Alipoondoka niliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikavuta breki ya mkono, nikatandika gunia chini ya gari. Wa kuketi juu sikuwa naye ila Mama. Alikubali upesi mno, akapanda na mkoba wake.

"Tunakwenda wapi, mwanangu?"

"Hatuendi popote, Mama. Tikisa usukani tu."

"Ndiyo maana hujanidai nauli."

Nikashika kiungo kimoja baada ya kingine. Katikati kimya. Kulia kimya. Nilipofika kushoto, pale mwisho ambapo fimbo ya usukani inashikana na gurudumu, kile mafundi wanachokiita tairodi endi, kitu kikaruka ndani ya kiganja changu kama moyo wa kuku aliyekamatwa. Fimbo ilitangulia, gurudumu likachelewa. Raba ya kiungo ilikuwa imepasuka, grisi imekuwa vumbi. Basi ni hicho tu. Nililala pale chini nikilia kidogo, hadi Mama akauliza kama tumefika.

Sikumrudia Miwani. Nilimwendea fundi mwingine, mwanamke wa gereji ya karibu na soko, nikaketi juu ya ndoo karibu na miguu yake.

"Dada, unavyonikodolea macho, mimi mwizi?"

"Bado sijajua," nikamwambia.

Akacheka, akaendelea. Alihesabu mizunguko wakati wa kukifungua kile kiungo ili kipya kikae palepale, akabadilisha viungo vya pande zote mbili kwa kuwa vilianza kazi pamoja, akakaza nati, akapitisha pini ya kuizuia isilegee. Niliingiza mkono nikaigusa pini mwenyewe. Kisha magurudumu yakapimwa na kunyooshwa. Gari sasa linakwenda limenyooka.

Jana shemeji akaja na mnunuzi wake. Alikuwa Miwani. Nilimwekea kile kiungo kibovu kiganjani. Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. Mama akasema dirishani, "Kumbe Mtu Tu ni huyu!"

Shemeji anaapa kwamba kuhusu ubovu alidanganywa, na alimwogopea mama yake. Huenda ni kweli. Lakini jina la mnunuzi alilijua, akanificha. Najitahidi kumdhania mema. Asubuhi naweza, jioni siwezi.

Kwa hiyo nakuuliza, wifi, na usikasirike. Ni kweli ulikubali? Kama ulikubali kwa kumhofia Mama, nitaelewa, wala sitalirudia neno hilo. Kama hukuulizwa, nataka kujua nani anasema kwa kinywa chako. Usimtume yeye. Niandikie mwenyewe.

Kesho nampeleka Mama kama kawaida. Shemeji ameomba kufuatana nasi. Nimemkubalia, ila atakaa nyuma.

Msalimie mumeo, na yule kitinda mimba wako anayeogopa lifti. Mama anakusalimu, anasema zawadi isiwe blanketi tena. Mungu akuvushe salama kila barabara ya huko, na siku ya kurudi umkute Mama dirishani akikusema.

Wako akupendaye, hata anapouliza,
Wifi yako.