Mkono wa Leuris

Consuelo, 3 Julai 1987

Mwanangu Anyelo,

Hujambo huko Marekani? Magoti je? Mdakaji wa besiboli kutwa amechuchumaa, nami huyaombea magoti yako kila Jumapili, ila wiki hii nimeyaruka. Sisi wazima, lakini nina hasira hata chakula hakipiti.

Leuris wangu amerudi. Timu imemfukuza! Anasema wewe, niliyekushika padri akikumwagia maji, ulikwenda kwa kocha ukasema mkono wake umekwisha. Kweli? Mmekua pamoja, yeye anarusha, wewe unadaka, na mpira wenyewe soksi zangu! Nilikwambia umwangalie ndugu yako. Ndiyo kumwangalia huko? Majirani wananiuliza kama nimefiwa.

Mama yako wa ubatizo bado, kwa bahati mbaya,
Eufemia


19 Julai 1987

Naomba baraka yako, Mama, hata kama umenuna.

Mimi mzima, magoti yanalalamika lakini yanakwenda. Nyumbani hamjambo?

Mama, umenionea! Nilimwambia kocha mkono unamuuma, apumzishwe, aonwe na daktari. Basi! Kesho yake nakuta kabati lake tupu. Watu gani hawa? Mtu si betri, ikiisha unatupa! Nilimfokea kocha hadi wenzangu wakanishika.

Na Leuris hakukwambia yote. Mpira wake naupokea mimi. Ukipungua nguvu, glavu yangu inajua kabla ya mtu yeyote. Najua tangu Aprili. Nani alimficha? Mimi! Nilikuwa namwashiria kwa vidole arushe mipira ya polepole, kocha akidhani ni ujanja wetu. Akilia chumbani namkanda kwa mafuta, siku ya mechi tunaingia. Nimembeba mpaka Juni, leo naitwa msaliti?

Mwanao,
Anyelo


20 Agosti 1987

Naomba baraka, Mama.

Mnaendeleaje? Mbona kimya? Leuris naye hajibu. Nimepandishwa timu ya juu, nikataka habari hii uisikie kwangu kwanza. Haihusiani na mambo ya Leuris, naapa. Nitukane basi, ila uandike.

Mwanao,
Anyelo


Consuelo, 14 Septemba 1987

Anyelo,

Mungu akubariki. Mtoto akiomba baraka siwezi kumnyima, hata leo. Sisi hatujambo, isipokuwa mmoja.

Nilikulaumu kwa kumwambia kocha. Hilo nalifuta. Huyo kocha tutamlaani pamoja.

Nilimpeleka Leuris kwa daktari mjini San Pedro. Akamshika kiwiko, akauliza kimeanza kuuma lini. Leuris akasema Juni. Nikamwambia, "Usimdanganye daktari, ni Aprili, nimeandikiwa na mwenye kujua." Daktari anasema angepumzika wakati ule, angekuwa anarusha mpaka sasa. Leo hawezi kufunga vifungo vya shati. Namfungia mimi, mwanamume mzima yule, naye anatazama ukutani.

Na wewe uliniandikia hayo kwa kujisifu! Nilimficha, nilimkanda, nilimbeba! Ulisikia mkono wa ndugu yako unakufa ndani ya glavu yako, ukachuchumaa tena, ukatoa vidole, ukamwonyesha arushe. Hata mimi nisiyejua besiboli najua kwamba mrushaji harushi mpaka mdakaji achuchumae. Siku moja tu, Anyelo, ungebaki umesimama.

Mama yake Leuris