Nusu Mbili za Rodi Moja

Jumapili, 6 Aprili 2025

Sijaenda kanisa. Nimemwambia mchungaji goti linauma. Goti halina neno. Ni suti imelikataa tumbo.

Wilkista wa namba nne amenitania tena pale bombani. Ati, "Kuka, stima yako imeniuma tena kwa mlango!" Ananiita Kuka kama babu yake wa damu, kwa sababu mimi na mama yake ni watu wa kijiji kimoja, Mabanga, na ni yeye Wilkista aliniombea hiki chumba changu hapa Tuwan. Nikamwambia haikuumi, inakusalimia. Msichana mrembo hata stima inataka kumpa mkono! Akacheka mpaka maji yakamwagika.

"Na slipas zangu zimekatika kamba, nitasalimiana nayo na nini?"

Nikasema vaa za bwana yako. Akasema Kevin ana miguu kama majembe, atazitoa wapi za kumtosha mtu.

Hapa plot ya Gachanja, vyumba vya kupanga ambavyo waya nilifunga mimi, kila mtu anajua. Mvua ikinyesha, mlango wa chuma unachoma kidogo. Unavaa slipas, unafungua. Mpangaji mpya anaambiwa hiyo kabla hajaonyeshwa choo.

Jumatatu, 7 Aprili

Wilkista amekufa.

Saa moja asubuhi. Alikuwa anatoka bombani na ndoo, miguu mitupu. Akashika mlango. Kevin alikuwa ndani, akasikia ndoo imeanguka, akadhani ni paka.

Ni mimi nilizima meni swichi. Nilikimbia. Goti halikuuma.

Basi.

Jumanne, 8 Aprili

Polisi wawili. Gachanja landlodi naye, amevaa kofia ya mazishi tayari. Aliwaambia ati marehemu alishika chuma na mikono ya maji, na nani hajui maji na stima hazisikizani? Polisi akaandika. Mikono ya maji. Maneno matatu tu, mtu mzima ameisha.

Halafu Absalom akaja na karatasi. Absalom ndiye mwenye leseni. Mimi sina, niliachia shule darasa la tano. Mimi nafunga waya, yeye anatia sahihi. Hivyo ndivyo sisi hufanya. Karatasi inasema plot ilikaguliwa, rodi ya arthi, ile nondo ya kupeleka stima ardhini, ni futi nne, imepimwa na mashine, iko salama. Mashine gani, bana? Alitia sahihi hotelini, sambusa juu ya karatasi. Mafuta bado yanaonekana! Leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga hapa. Alikuwa anauliza geti iko wapi.

Akanivuta kando. Ati, mzee, karatasi iko sawa, wewe funga mdomo tu.

Kevin akaniuliza mbele ya watu, "Mzee Wekoye, wewe ni fundi. Ni kweli ni yeye alikosea?"

Nilikohoa. Mzee mzima, nikakohoa mpaka wakaniletea maji.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna mtu anasoma hii daftari. Wacha niandike.

Sheria naijua kama Baba Yetu. Rodi futi nne, izame yote, pahali penye unyevu. Upime. Ikikataa, unaongeza ya pili. Ili siku waya ikichubuka na kugusa chuma, stima ikimbilie ardhini, fyuzi ikatike, mtu abaki mzima. Ni hivyo tu. Mtoto anaweza kuelewa.

Mwaka wa 2019 nilikuwa nyuma ya hizi nyumba na nyundo. Futi mbili, nikagonga mwamba. Nikasogea hatua, mwamba. Gachanja amesimama juu yangu, ati wapangaji wanaingia kesho. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata. Juu ya udongo si kinaonekana kichwa tu? Mafundi wengi wa hapa wanajua hiyo, tunaiita kukata kucha. Tulikuwa tunaichekea. Mimi ndiye nilicheka zaidi.

Leo nimepanda juu ya nyumba namba nne. Umri wa miaka sabini na moja, juu ya ngazi! Msumari wa bati umetoboa waya juu ya mlango. Msumari unaweza kuwa wa mtu yeyote. Rodi ni yangu.

Nusu ile ingine niliitia kwa mfuko wa kazi. Najua iko wapi. Leo sitaandika.

Ijumaa, 11 Aprili

Mabanga. Tumefika na mwili saa nane. Nabwile, mama ya Wilkista, anayeniita Papa kama baba yake, alinishika shingoni, akalia hapo kwa bega langu mpaka koti likalowa. "Papa, alikuwa anakupenda. Kila akipiga simu ni Kuka amesema hivi, Kuka amesema vile."



Sasa naandika. Nusu ingine iko hapa, nyuma ya jikoni ya Nabwile. Wilkista ndiye alinileta, mwaka wa 2020. "Kuka, mama amekaa giza sana, kamwekee stima. Mimi nakuamini wewe tu." Nikaja na mfuko wangu. Udongo wa hapa ni laini kama ugali wa moto, rodi nzima ingezama bila jasho. Huko Tuwan nina mwamba wa kusingizia. Hapa sina hata jiwe. Nusu ilikuwa kwa mfuko, nikaipiga nyundo mara sita, nikaoshewa mikono, nikaletewa kuku.

Nilipewa firigisi, kipande cha mzee wa heshima! Na nikaila.

Nikisema, nani atanipa hata kiti hapa? Na mimi ni pahali hapa nitazikwa. Nisiposema, Wilkista anaingia ardhini kesho kama mjinga aliyeshika stima na mikono ya maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Tenti. Spika mbili kubwa. Waya imetoka jikoni kwa Nabwile, imepita kwa nyasi yenye maji, imefungwa kwa mlingoti wa tenti. Mlingoti wa chuma! Watoto wameushika, wanauzunguka, hakuna hata mmoja ana viatu.

Wamama wanapakua chakula. Nikasikia Nabwile akimwambia mama mmoja mgeni pale mlango wa jikoni, "Vaa slipas kwanza, mayi, huu mlango unasalimia watu." Mgeni akauliza unasalimia vipi. "Ni Wilkista alinifundisha kusema hivyo. Kuka wake ndiye alimwambia."

Sikukaa tena.

Mchungaji naye ameanza. Ati tujifunze kwa dada yetu, alisahau sheria moja ndogo, tukaushe mikono kabla ya kushika stima. Watu wakasema amina. Kevin aliinamisha kichwa. Alikuwa anaona haya kwa ajili ya bibi yake!

Nimekuja hapa nyuma ya jikoni. Nimezima meni swichi, nimetoa fyuzi, iko kwa mfuko wangu wa shati. Mchungaji amebaki anafungua mdomo kama samaki. Ningecheka siku ingine.

Wanaita. "Wekoye! Wewe si fundi? Angalia imekuwa nini!" Nimewajibu natafuta. Naandika haraka, daftari kwa goti, matone yanaharibu wino. Nimeshika kichwa cha rodi nikavuta. Imetoka kwa mkono mmoja, kama muhogo uliooza. Iko hapa kando yangu. Fupi hivi! Upande mmoja bado una alama za msumeno.

Kevin anauliza kwa sauti kama stima itarudi baada ya dakika tano au kumi.

Nabwile anakuja upande huu, peke yake. Nimeweka mguu mtupu juu ya rodi, viatu vyangu vimebaki kwa tenti. Mguu hautoshi kuifunika.

Amefika. Hajatazama chini. Amevua slipas zake, amesimama kwa matope na miguu mitupu, ananinyooshea.

"Vaa hizi, Papa. Usishike hiyo stima hivyo. Nisizike wawili."