Onyo Lililolia Kichuguuni

Jumatano, usiku

Eti fundi simu aliyetuwekea ile programu ya kutahadharisha moto ananiuliza, "Kwani dada, onyo si lilifika?" Lilifika, ndiyo. Lilifika kichuguuni.

Kule porini Sikonge kwa kaka Masanja, mtandao unashika juu ya kichuguu tu. Simu yao, yeye na warina asali wenzake, wanaitundika pale ndani ya kopo, mwenye shida anaifuata. Ndiyo hiyo tuliyoiwekea programu, pamoja na yangu, tukapiga na makofi.

Leo mchana nampimia mteja asali hapa Msimbazi, Kariakoo, simu yangu ikalia: moto, upande wa Masanja. Nikampigia. Inaita tu. Nikapiga tena na tena, nikawa kama naiona inavyolia peke yake kule juu, mchwa wanasikiliza. Mimi niko Kariakoo najua kuna moto, mwenye mizinga hajui!

Jioni akapiga mwenyewe. "Mdogo wangu, mizinga imekwisha yote."

"Na wewe umeungua?"

"Mikono tu."

Mikono tu. Mrina asali huyo, anasema mikono tu.

Zamani aliyeona moshi alipiga yowe, na wenzake wakalipokea mpaka pori zima likajua. Mwaka huu walioona moshi walinyamaza. Walijua simu itasema.

Sasa hivi nimeshazima taa, simu ikalia. Nimeruka kitandani nikijua ni Masanja, labda mikono imezidi. Kumbe ni programu. Inauliza onyo la leo limenisaidia kiasi gani, niipe nyota.