Yaya, Vakansi Yetu ya Uruguay

Yaya Mauwa, dada yangu mkubwa,

We ndiye ulianza kuniita marehemu. Leo na mimi nakuita hivyo. Tofauti ni kwamba mimi nasema kweli.

Unakumbuka Fizi, vita ilipofunga ekole ulikofundisha ukabaki nyumbani na mimi na Mama? Tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, ukaleta kitabu chako cha jiografia, ukaweka kidole juu ya Uruguay. "Riziki, angalia. Kainchi kadogo, hakana milima. Hapa hakuna mutu wa kushuka mulimani na bunduki." Nilicheka mpaka Mama akauliza tuna nini.

Tangu siku hiyo tukaipanga vakansi, likizo yetu ya kule. Siku thelathini. Kwanza Montevideo, kutembea kando ya ule mto ambao kitabu kilisema ng'ambo yake haionekani. Halafu mashambani, kula nyama ya ng'ombe mpaka tuchoke. Mimi nilitaka hoteli yenye shuka nyeupe, niamke nisitandike kitanda. We ulitaka bahari. Tuligombana hata juu ya viatu! Na kila mara ulisema: "Si kukimbia, Riziki. Bakimbizi ndio banakimbiaka. Sisi tutaenda vakansi, na vakansi mutu anarudi kwake."

Neno hilo lilinishika. Majirani walivuka ziwa kukimbilia Tanzania, mimi nikabaki.

Siku ulipochukua vyeti vyetu vya kuzaliwa, ukasema unakwenda Bukavu kuuliza mambo ya pasipoti, nilikusindikiza mpaka mji wa Baraka. Miguu ya Mama ilikuwa imeanza kuvimba. Ulisema wiki mbili.

Miaka miwili, Yaya. Nilimuuguza Mama peke yangu. Siku ya kumzika, baba mdogo aliniuliza uko wapi, nikamjibu, "Njia ya Uvira imefungwa, atakuja." Nilikutetea mbele ya kaburi la Mama. Kumbe Bukavu hukuwahi kufika. Ulikuwa umevuka ziwa na mwanamume.

Mapigano yalipoingia Baraka nami nikapanda boti. Kambini Tanzania, kwenye foleni ya maji, mama mmoja alinitazama usoni muda mrefu. Ni Mama Salima, jirani yako. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike.

"Unafanana na marehemu Mauwa," akasema.

Ndivyo nilivyojua. Nilikaa chini kwenye matope. Akaniambia ni homa, huyo mtoto wako akiwa na miezi mitano, na kwamba yule bwana alikuwa amekwisha kukuacha. Nikamwambia mimi ni mdogo wako, Riziki. Akarudi nyuma.

"Riziki alikufa Makobola. Tulimulilia hapa, tulimukalia matanga. Hata huyu mutoto iko na jina yake."

Yaya. Kijijini Makobola watu waliuawa kweli. Unajua ni nani tuliwapoteza kule. Ukanitupa katikati yao ili maofisa wa wakimbizi wakuhurumie, wakupeleke Ulaya. Na Ulaya kwenyewe hukufika.

Mama Salima hakutaka kunipa mtoto, na simlaumu. Akanipima: "Kama kweli we ni Riziki, mulipangaka kwenda wapi na Mauwa?"

"Uruguay," nikasema. "Siku thelathini. Yeye alitaka bahari."

Akaanza kulia. Akasema mpaka unakufa ulikuwa unaisimulia safari ile, na kila mara ulisema "mimi na mudogo yangu." Kwa nini, Yaya? Kama ulinipenda hivyo, mkono wako uliandikaje kwamba nimekufa? Nageuza swali hili kila siku.

Kwenye biro, ofisi ya wakimbizi, karani alikuta jina langu kwenye faili yako, na msalaba pembeni. "Huyu alikufa," akaniambia, mimi nimesimama mbele yake. Nilirudi mara nne. Mwishowe Mama Salima na mchungaji wakaapa, ndipo akafuta msalaba akaandika: mama mdogo wa mtoto.

Kaburini kwako nimekwenda mara moja tu. Nilisimama, nikaondoka. Nilichotaka kusema hakikufaa mbele ya watu, palikuwa na mazishi mengine karibu.

Mtoto sasa niko naye, ameanza kutembea. Ana paji lako la uso, na akikasirika ananuna kama we. Kumwita kwa jina langu kulinishinda wiki za kwanza, kama ninamwita mfu. Sasa nimezoea.

Uruguay sitaipanga tena, usiningoje huko. Lakini mtoto akiuliza mama yake alikuwa nani, nitamwambia yote: uzuri wako, sauti yako, na hili pia, bila kuongeza wala kupunguza. Na karani yeyote akiniuliza kama nina ndugu, nitasema nilikuwa na yaya, aliitwa Mauwa, mwalimu wa Fizi. Mimi sitakufuta. Hilo nakuahidi.

Lala, Yaya.

Mdogo wako aliye hai,
Riziki